Kukomaa na Jiji: Shilole, Njia ya Misafara na Hadithi ya Mwanamke Aendaye Mjini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi ya Zuwena Mohamed, maarufu kwa jina la Shilole, mwigizaji wa filamu na mwimbaji wa Bongo Fleva aliyezaliwa Igunga, mkoani Tabora. Hoja kuu ni kwamba kazi hiyo inajibu hadithi kongwe mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile ya fasihi ya Kiswahili, ambamo mwanamke atokaye shamba kwenda mjini mara nyingi huishia katika maangamizi. Ya pili ni ya njia ya misafara ya Unyamwezi, ambamo safari ya kwenda pwani ilihesabiwa kuwa ni njia ya kukomaa. Kwa kuchambua majina ya nyimbo zake tatu pamoja na taswira yake mbele ya umma, imebainika kuwa Shilole anachukua heshima ya safari, iliyokuwa ya wanaume, na kuidai kwa mwanamke. Hata hivyo, dai hilo lina mipaka, kwa kuwa linamwachia mtu mmoja mzigo ambao zamani ulibebwa na msafara mzima.

1.0 Utangulizi

Uhusiano wa filamu na muziki nchini Tanzania si jambo jipya. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, iliwatumia wanamuziki wa Bongo Fleva kama waigizaji na ikaonesha mapema kwamba hadhira ya sanaa hizi mbili ni moja. Tangu wakati huo wasanii wengi wamevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Shilole ni mmojawapo wa waliovuka kutoka filamu kwenda muziki: alianza kufahamika kama mwigizaji wa filamu za Bongo, kisha katika muongo wa 2010 akajipatia jina kubwa zaidi kama mwimbaji.

Pamoja na umaarufu huo, jina lake hutajwa zaidi katika habari za burudani kuliko katika uhakiki. Huzungumzwa mavazi yake, uchezaji wake, mahusiano yake na matamshi yake. Ni nadra kuulizwa swali ambalo mhakiki wa fasihi angemuuliza msanii yeyote: je, kazi yake inasema nini, na inazungumza na mapokeo gani? Makala haya yanalishughulikia swali hilo. Umuhimu wake unavuka mipaka ya msanii mmoja. Namna uhakiki unavyomsoma mwanamke wa bara aliyepata jina Dar es Salaam inaonesha pia ni nani anayehesabiwa kuwa na kazi ya sanaa, na ni nani anayehesabiwa kuwa na vituko tu.

2.0 Kiunzi cha Uchambuzi

Uchambuzi umeongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Richard Dyer (1979), anayeeleza kwamba nyota wa filamu si mtu tu bali ni taswira inayojengwa na vitu vingi: filamu anazoigiza, matangazo, habari zinazomhusu, na maoni ya wahakiki. Kwa mtazamo huu, kumchambua nyota ni kuchambua mkusanyiko wa matini. Maisha yake ya faragha hayahusiki. Wazo la pili ni la Gérard Genette (1987) kuhusu vizingiti vya matini, yaani majina, dibaji na vichwa ambavyo msomaji huvipita kabla ya kuingia ndani ya kazi yenyewe. Genette anaonesha kwamba kizingiti kina maana yake, na mara nyingine husafiri mbali zaidi kuliko kazi iliyomo ndani.

Wazo hili la pili linafaa sana katika muziki wa Bongo Fleva. Jina la wimbo hutajwa na mtangazaji wa redio, huandikwa nyuma ya daladala na bodaboda, na hugeuka kuwa msemo vinywani mwa watu ambao pengine hawajausikiliza wimbo hadi mwisho. Kwa sababu hiyo, majina ya nyimbo yamechukuliwa hapa kuwa ni matini kamili yanayostahili uchambuzi wa kiisimu na wa kifasihi.

3.0 Njia ya Pwani kama Shule ya Ukomavu

Igunga iko kaskazini mashariki mwa mji wa Tabora, kando ya barabara inayounganisha Singida na Nzega. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilipita kusini zaidi. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikakatisha nyika iliyoitwa Mgunda Mkali na kufika Unyanyembe, ambako Tabora ya leo ilikulia, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, karibu na mji huo, mwaka 1857. Livingstone na Stanley waliishi katika tembe la Kwihara mwaka 1872. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na hapo kazi ya mabega ikachukuliwa na mabehewa.

Kumbukumbu za wageni hao zimeandikwa sana. Wasiotajwa kwa majina ni wapagazi waliowabebea mizigo. Roberts (1970) na Rockel (2006) wanaonesha kwamba Wanyamwezi walikuwa wafanyabiashara na wapagazi wenye ujuzi, si watu waliobebeshwa mizigo kwa bahati mbaya tu. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa alama ya utu uzima. Aliyekwenda alirudi na nguo, shanga, nyimbo, na zaidi ya yote lugha. Kwa njia hiyo Kiswahili kilipata makao Tabora mapema, kikiletwa na watu waliokisemea njiani kabla ya kufundishwa darasani.

Mambo mawili katika historia hii yanahusu moja kwa moja mada ya makala haya. Kwanza, safari ya pwani ilikuwa na sura mbili. Nyumbani, aliyerudi alionekana mtu aliyekomaa. Pwani kwenyewe, mtu huyohuyo aliitwa mshenzi na waungwana wa mjini, kama Glassman (1995) anavyoonesha katika uchunguzi wake wa miji ya pwani. Pili, wanawake walikuwamo katika misafara hiyo. Rockel (2000) anawaeleza kama washirika wenye biashara zao: walipika, walibeba mizigo, na baadhi yao waliuza chakula na pombe kambini. Hata hivyo, sifa ya kukomaa kwa kwenda pwani ilibaki kuwa ya wanaume. Mwanamke alitembea njia ileile, lakini hadithi ya njia haikumhesabu.

4.0 Mwanamke Aendaye Mjini katika Fasihi ya Kiswahili

Fasihi andishi ya Kiswahili ilipoanza kumhesabu mwanamke anayesafiri, ilimhesabu kwa hasara. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Rosa anatoka katika ulinzi mkali wa baba yake kisiwani Ukerewe, anakwenda shule, kisha Morogoro, na hadithi inaishia katika kujiua. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anatoka katika kifungo cha nyumbani na kuangukia ukahaba mjini. Senkoro (1982) amechambua kwa kirefu jinsi kahaba anavyotumiwa katika fasihi ya Kiafrika kama ishara ya jamii iliyooza. Waandishi hao hawakumlaumu mwanamke peke yake. Kezilahabi analaumu malezi ya ukali, na Mohamed analaumu ubabe wa baba. Lakini mkondo wa matukio ni mmoja: mlango unafunguliwa, mwanamke anatoka, mji unammeza.

Zipo kazi zinazokwenda kinyume. Yasmin katika Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi anaikimbia ndoa aliyolazimishwa, anateseka, lakini hateketei. Na nje ya riwaya, Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke aliyezaliwa Fumba, akauza vyungu, kisha akaingia mjini Unguja na kuwa mwimbaji ambaye mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Siti alidharauliwa kwa ukoo wake na kwa sura yake. Shaaban Robert alimtetea kwa kuonesha kazi yake, tabia yake na ufundi wake. Huo ni mfano wa uhakiki unaomweka mwimbaji mwanamke katika daraja la watu wenye maisha yanayofaa kuandikwa. Kwa kipimo hicho, maisha ya Shilole katika sanaa yana ndugu wa mbali: binti wa familia ya kawaida, kutoka nje ya mji, aliyeingia mjini kwa nguvu ya sauti na mwili wake.

5.0 Vizingiti Vitatu

5.1 "Nakomaa na Jiji"

Kitenzi komaa kwa asili kinahusu kukua hadi kufikia upeo: mahindi hukomaa, ndizi hukomaa, mtoto hukomaa. Katika lugha ya mitaani ya Dar es Salaam kimepata maana ya kung'ang'ania bila kukata tamaa. Maana hizi mbili hazigombani; ya pili imezaliwa ndani ya ya kwanza, kwa kuwa kinachokomaa ni kile kilichovumilia jua na mvua kikabaki shinani. Jina la wimbo linabeba zote mbili. Anayesema anang'ang'ania mjini, na kwa kung'ang'ania huko anafikia utu uzima.

Kiunganishi na kinaongeza utata wenye manufaa. Katika "kupigana na adui" kiunganishi hiki huonesha upinzani. Katika "kuishi na jirani" huonesha ushirika. "Kukomaa na jiji" kunaweza kumaanisha kushindana nalo au kukua pamoja nalo. Kiambishi cha mwanzo nacho kina usomaji wa aina mbili. Katika mazungumzo na- ni ufupisho wa nina-, yaani tendo linaloendelea sasa. Katika sarufi sanifu ni nafsi ni- pamoja na njeo -a-, isiyofungwa na saa maalumu. Kwa usomaji wa pili, mapambano hayana tarehe ya kumalizika.

Jina hili likiwekwa kando ya Rosa Mistika na Utengano, tofauti ni kubwa. Katika riwaya hizo mwanamke anasimuliwa na mtu mwingine, na jiji ndilo lenye nguvu. Hapa mwanamke ndiye kiima cha sentensi, naye anasema mwenyewe. Na likiwekwa kando ya historia ya misafara, jina hili linachukua kilichokuwa cha mpagazi wa kiume, yaani kukomaa kwa kwenda pwani, na kukitia katika kinywa cha binti wa Igunga. Mabasi yaendayo Dar es Salaam kutoka huko hupitia Singida, Dodoma na Morogoro, yakielekea mashariki kama misafara ilivyoelekea. Mzigo umebadilika, mwelekeo umebaki.

5.2 "Chuna Buzi"

Jina la pili linatoka katika lugha ya wafugaji na wachinjaji. Kuchuna ni kuondoa ngozi. Buzi ni mbuzi aliyekuzwa kisarufi. Katika lugha ya mitaani buzi ni mwanamume mwenye fedha ambaye mwanamke humtumia. Kisarufi, chuna ni kitenzi katika hali ya amri, nafsi ya pili umoja. Pia msemo mzima waweza kusomwa kama nomino ambatani inayomtaja mwanamke mwenye tabia hiyo.

Hapa taswira ya riwaya za awali inapinduliwa. Katika masimulizi ya mji unaommeza mwanamke, mwili wa mwanamke ndio unaoliwa. Katika msemo huu anayechunwa ni mwanamume. Upinduzi huo una nguvu ya kejeli, lakini una udhaifu. Kupindua mizani si kuivunja: uhusiano wa mwanamke na mwanamume unabaki kuwa wa mla na mliwa, na fedha inabaki mikononi mwa mwanamume hadi pale inaponyofolewa. Ikiwa "Nakomaa na Jiji" inatoa njia mpya ya kumfikiria mwanamke mjini, "Chuna Buzi" inamrudisha katika soko lilelile, tofauti ikiwa ni nani aliyeshika kisu.

5.3 "Hatutoi Kiki"

Jina la tatu ni la mwaka 2016. Kiki, kwa lugha ya wasanii, ni umaarufu unaotafutwa kwa kashfa au vituko. Kisarufi, kuna badiliko ambalo halipaswi kupuuzwa. Katika jina la kwanza msemaji ni mimi. Katika la pili anaambiwa wewe. Katika la tatu wanasema sisi, tena kwa ukanushi: ha-tu-to-i. Kwa kutumia wingi, msemaji anajiweka miongoni mwa kundi, na kundi hilo linakataa kitu. Linakataa kugawa umaarufu kwa wanaoutafuta kupitia jina lao. Baada ya miaka ya kuwa habari ya wengine, huu ni usemi wa mtu anayetaka kuamua mwenyewe jina lake litumike vipi.

6.0 Mwili, Lugha na Adhabu

Wingi huo unaeleweka vizuri zaidi ukiangaliwa pamoja na tukio la mwaka uliotangulia. Mwaka 2015, kufuatia picha za onyesho lake nchini Ubelgiji, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilimfungia kujishughulisha na sanaa kwa mwaka mmoja. Baraza hilo liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na usimamizi wa maadili ya wasanii ni sehemu ya wajibu wake. Makala haya hayakusudii kuhukumu uamuzi huo. Linalohusu uhakiki ni namna mjadala ulivyokwenda: mwili wa msanii uligeuka kuwa matini pekee iliyosomwa, na nyimbo zikawekwa pembeni. Kwa maneno ya Dyer, sehemu moja ya taswira ilimeza sehemu nyingine zote.

Jambo la aina hiyohiyo limetokea katika lugha. Kiingereza cha Shilole kimekuwa chanzo cha mzaha katika mitandao ya kijamii, naye ameuchukua mzaha huo na kuufanya sehemu ya uchekeshaji wake. Kinachostahili kuzingatiwa ni mahali mzaha unapotokea. Filamu za Bongo, ambazo mazungumzo yake ni ya Kiswahili, kwa miaka mingi zimekuwa na desturi ya kujipa majina ya Kiingereza. Girlfriend yenyewe ni mfano. Tasnia inayotumia Kiingereza kama pambo la jalada inamcheka mwigizaji wake kwa kutokuwa na pambo hilo mdomoni. Huu ni mpangilio wa zamani katika vazi jipya. Mpagazi aliyejifunza Kiswahili njiani aliitwa mshenzi na waungwana wa pwani. Leo mtu wa bara anaitwa mshamba kwa lugha nyingine. Jibu la Shilole la kuzungumza hivyohivyo, hadharani, bila kuomba radhi, linaufanya mzaha umrudie anayecheka.

7.0 Kutoka Jukwaani hadi Jikoni

Upande wa tatu wa taswira ya Shilole ni biashara ya chakula, inayofahamika kwa jina la Shishi Food. Habari za burudani huichukua kama shughuli ya pembeni ya mtu maarufu. Kwa mtazamo wa makala haya, biashara hiyo ni sehemu ya maana ya kazi yake yote. Mwanamke wa msafara aliyeelezwa na Rockel (2000) alipika na kuuza kambini, na kwa kufanya hivyo alikuwa na kipato kisichotegemea posho ya mpagazi. Mama ntilie wa Dar es Salaam ameendeleza kazi hiyo katika mji wa kisasa. Msanii aliyeimba juu ya kukomaa na jiji anapouza ugali na wali kwa jina lake mwenyewe, anatoa maelezo ya vitendo kuhusu kitenzi hicho. Pia anatoa jibu kwa "Chuna Buzi": hapa fedha haichunwi kwa mtu, inapatikana jikoni.

Hata hivyo, pana mipaka inayopaswa kutajwa. Mpagazi wa Unyamwezi hakukomaa peke yake. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia, kambi za pamoja, nyimbo za kupokezana, na uwezo wa wapagazi kugoma au kutoroka kwa pamoja pale ujira au chakula vilipopunguzwa. Ukomavu wa karne ya 19 ulikuwa na wenzake. Ukomavu wa "Nakomaa na Jiji" una nafsi moja tu, na jiji haliulizwi kwa nini linamtaka binti wa mkoani ang'ang'anie kiasi hicho. Ujira wa waigizaji, mikataba ya wasambazaji, na ulinzi wa wasanii wa kike kazini ni masuala ambayo kitenzi hiki, kikiwa katika umoja, kinaweza kuyafunika. Mvumilivu anasifiwa, na kinachovumiliwa kinaachwa kilivyo.

Mpaka wa pili unahusu mahali. Tabora imo katika maelezo ya Shilole kuhusu asili yake, na kwa maana hiyo imo katika taswira yake. Katika majina ya nyimbo yaliyochambuliwa, mahali panapotajwa ni jiji tu. Hapa tofauti na vizazi vilivyotangulia ni ya wazi. Bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilibeba jina la mahali katika jina lao lenyewe, na wasikilizaji wa Dar es Salaam walijua muziki huo umetoka wapi. Msanii wa leo huingia jijini akiwa peke yake, na mkoa wake hubaki katika wasifu.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba kazi ya Shilole ina hoja, na hoja hiyo inasomeka hata katika maneno machache ya majina ya nyimbo. Hoja yenyewe ni kwamba mwanamke atokaye bara anaweza kwenda pwani na kukomaa, wala si lazima aangamie. Kwa kusema hivyo, anakwenda kinyume na mkondo wenye nguvu wa riwaya ya Kiswahili na anachukua heshima iliyokuwa ya wapagazi wa kiume wa Unyamwezi. Imebainika pia kwamba hoja hiyo inapungua nguvu inaporudi katika lugha ya mla na mliwa, na inapomwachia mtu mmoja kazi ya kuvumilia hali iliyotengenezwa na wengi. Badiliko la kisarufi kutoka "na-" hadi "hatu-" linaashiria njia ya kutoka katika udhaifu huo, ingawa ni ishara tu.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, matokeo haya yana wito mmoja. Shaaban Robert alimwandikia Siti binti Saad wasifu wakati wapo waliomwona kuwa ni mwimbaji tu asiye na ukoo. Wasanii wa kike wa filamu na Bongo Fleva wanastahili kusomwa kwa uzito huohuo, kwa sifa na kwa ukosoaji, kazi yao ikiwekwa mbele ya mwili wao. Historia ya njia ya Tabora iliwasahau wanawake waliotembea nyuma ya mizigo na kupika kambini. Uhakiki wa sanaa ya leo hauna sababu ya kulirudia kosa hilo.